Miaka ya -aba na -ía: Madamu Vénantie Anaondoka Chuoni

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, Madamu Vénantie Mukamazimpaka atafunga mlango wa darasa la Kihispania kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia chuo chetu cha lugha na utalii kwa miaka ishirini na miwili. Alifika mwaka 2003, wakati chuo kilipokuwa vyumba vitatu vya kupanga nyuma ya soko la Gisenyi. Anatuacha tukiwa na ghorofa, maktaba, na jenereta inayokataa kuwaka siku za mitihani.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno ya furaha. Nitajitahidi. Lakini mimi, Kimenyi, mwalimu wa Kiswahili, nimefundisha miaka kumi na minne katika chumba kinachopakana na chake, na kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba tu. Yaliyonipata kupitia ukuta huo hayawezi kusimuliwa kwa furaha peke yake.

Madamu alizaliwa Mahoko mwaka 1960, binti wa fundi cherehani. Masista wa Kihispania waliokuwa na zahanati karibu na kwao waligundua kwamba msichana anayekuja kuchukua dawa za bibi yake hurudia kila neno wanaloambiana wao kwa wao, tena kwa lafudhi yao wenyewe. Alipomaliza sekondari wakamfanyia mpango wa kusomea ualimu Burgos, mji wa Uhispania wenye baridi ya kupasua midomo. Bwenini alikolala kulikuwa na jiko kubwa, na jikoni walikuwamo wanawake watu wazima waliomenya viazi huku wakikumbushana maisha yao ya zamani. Vénantie alienda kukaa nao kwa ajili ya joto la moto. Alipoondoka alikuwa ameibeba njeo nzima ya kitenzi kichwani.

Kwa wasiojua, Kihispania kina namna mbili kuu za kusema yaliyopita. Ya kwanza ni ya jambo lililotokea likaisha: comió, alikula, sahani ikaondolewa mezani. Ya pili ni ya jambo lililokuwa likiendelea, au lililokuwa desturi, bila kujali lilianza lini na kuisha lini: comía, alikuwa akila, siku zote hizo. Hii ya pili ndiyo Madamu aliyoitolea maisha yake. Vitenzi vya kawaida, husema yeye, ni vyepesi mno. Vinavyoishia na -ar, kama hablar, kusema, huvua mwisho huo na kuvaa -aba, -abas, -aba, -ábamos, -abais, -aban. Vinavyoishia na -er au -ir, kama comer, kula, na vivir, kuishi, huvaa -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían. Yamekwisha.

"Hata mutoto wa chekechea anaweza!" huwaambia wanafunzi. Nimeisikia sentensi hiyo kila mwaka, na kila mwaka huifuata kishindo cha kitabu juu ya meza.

Kwa sababu hawawezi. Kwanza, ulimi unawasaliti. Sisi Wanyarwanda l na r hutuchanganya, na hablaba, alikuwa akisema, hutoka "abraba", hutoka "habulaba", na mwaka mmoja, kwa askari mstaafu aliyetaka kuwa mwongoza watalii, ilitoka "barabara". Madamu alikaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba nilisimamisha somo langu nikidhani ameanguka.

Pili, kuna kile kijiti kidogo kinachokaa juu ya í. Wanafunzi hukisahau. Madamu hasahau kwamba wamekisahau. "Kijiti iko wapi?" nilikuwa nikisikia. "Uliacha nyumbani? Umekula kijiti?" Amewahi kumfuata mwanafunzi hadi kituo cha moto, yaani bodaboda, akamshusha nyuma ya dereva aliyekwisha washa pikipiki, ili arudi kuweka vijiti viwili.

Tatu, nafsi ya "mimi" na nafsi ya "yeye" zinavaa nguo moja. Yo hablaba, nilikuwa nikisema. Él hablaba, alikuwa akisema. Kitenzi hakibadiliki. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo nami nilikuwa najiuliza upande wangu wa ukuta.

"Madamu, sasa mutu atajua aje kama ni mimi ao ni yeye?"

"Atakuangalia, bwana! Mutu unamusemesha, iko na macho!"

Wanafunzi walicheka, na darasa langu, lililokuwa kimya likisoma ufahamu, likacheka pia. Somo langu liliishia hapo.

Yote hayo ningeyavumilia. Kisa cha -aka ndicho sijakivumilia hadi leo.

Wanafunzi wake walikuwa wakikwama wanapotakiwa kuchagua kati ya namna hizi mbili za yaliyopita. Aliwachorea mistari, hawakuelewa. Aliwaeleza kwa Kifaransa, wakaelewa Kifaransa. Asubuhi moja nikamsikia akitupa chaki.

"Bon. Mwache vitabu. Sema Kiswahili ya hapa kwetu. Zamani, bibi yako alikuwa anafanyaka nini?"

"Alikuwa anauzaka mboga!" sauti ikajibu.

"Na wako?"

"Alikuwa analimaka viazi!"

"Mumesikia? Anauzaka. Analimaka. Ukisikia -aka ndani ya kichwa, andika -aba ao -ía. Vendía. Cultivaba. Njo hivyo tu! Miaka yote hii munanitesa, na muko nayo mudomoni!"

Wenye kuishi hapa na ng'ambo ya mpaka, Goma, wanaijua hiyo -aka. Huibandika mwishoni mwa kitenzi wanapotaka kusema kwamba jambo ni la kila mara. Haimo katika kitabu chochote ninachofundishia. Mimi nililelewa Ngara, Tanzania, na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemaliza kuifuta kwenye insha za darasa zima, nikiandika juu yake "alikuwa akiuza", "alikuwa akilima". Nilitoka nje na chaki mkononi.

"Mama Immy," nikamwambia mlangoni kwake, nikimwita kwa jina la binti yake, "hawa wana mtihani wangu Jumatatu. Nimewakataza kuandika anauzaka."

"We wakataze kuandika," akanijibu. "Mi nawaruhusu kufikiri."

Akafunga mlango. Ninaandika haya nikiwa bado nimekasirika. Mtihani wa Jumatatu ulijaa -aka. Nililalamika kwenye mkutano wa walimu, nikalalamika tena muhula uliofuata. Msimamo wangu haujabadilika. Lakini matokeo ya Kihispania yalipanda mwaka ule, na hayajawahi kushuka tena, nami ni lazima niliseme hilo kwa sababu hii ni hati ya chuo.

Mwaka 2018 tulipata mkurugenzi mpya, Bwana Rugwiro, aliyekulia Uganda na kusomea biashara. Alikuta kozi ya Kihispania ni ndefu. Akaitisha mkutano na kupendekeza tuifupishe kwa kuacha mambo yasiyo ya lazima, na la kwanza katika yasiyo ya lazima lilikuwa njeo ya Madamu.

"Madam, please," alisema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Guide anahitaji present tu. Hili ni ziwa. Ile ni volkano. Lunch ni saa saba. Mtalii hataki kujua bibi ya mtu alikuwa anafanya nini."

"Mutalii naye iko na bibi," akasema Madamu.

Tulimshauri aandae hoja nzuri. Tulimwambia azungumze na mkurugenzi taratibu, ofisini, amweleze faida za kozi. Hakuandaa chochote. Alifika ofisini, akamkuta amebandika tangazo la Kihispania mlangoni lisilo na kijiti hata kimoja, akatoa kalamu nyekundu na kulisahihisha mbele yake, kisha akarudi darasani. Ndivyo alivyojitetea. Mkurugenzi akaamua kwamba mitihani ya vitendo ya mwaka unaofuata itakuwa ya mwisho kuijumuisha njeo hiyo, isipokuwa kama itaonekana kuwa na kazi. Vipindi vya Madamu vingebaki nusu, na kila mtu alijua kwamba mwalimu wa umri wake mwenye nusu ya vipindi hushukuriwa na kuagwa mapema.

Hapo ndipo ninapofika kwenye safari ya Nyakiriba.

Mtihani wa vitendo huwa hivi: mwanafunzi humwongoza mgeni wa kweli kwa siku nzima, na mtahini huwafuata akiwa bubu. Mtahini akimsaidia mwanafunzi hata kwa neno moja, mwanafunzi ameanguka. Sheria hiyo aliitunga Madamu mwenyewe, na aliisimamia kwa ukali uliowaliza wengi.

Mwezi wa Machi 2019, zamu ilikuwa ya Belyse, msichana wa Rugerero, mwenye bidii kuliko wote na mwoga kuliko wote. Darasani alikuwa akizitaja -aba na -ía kama maji. Akiogopa, vitenzi vyake vyote vilikimbilia kwenye comió, kwenye yaliyotokea mara moja yakaisha. Hoteli moja ya ufukweni ilikuwa imempa ahadi ya kazi akifaulu, na ndiyo hoteli iliyopiga simu kusema kuna mama mzee wa Kihispania anayetaka mkalimani wa kumpeleka Nyakiriba.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimejiahidi kulala. Saa mbili asubuhi Madamu, ndiye mtahini wa siku hiyo, alikuwa getini kwangu.

"Kimenyi, voiture yako iko na mafuta?"

"Kwani ya hoteli iko wapi?"

"Imekufa. Vaa viatu."

Ndivyo nilivyogeuka dereva. Mama mzee aliitwa Doña Remedios, mwembamba, mwenye fimbo na mkoba mweusi aliouweka mapajani kwa mikono miwili. Njiani alimweleza Belyse kilichomleta, na mimi, baada ya miaka yote ile ya ukuta, Kihispania naelewa zaidi ya ninavyotaka. Kaka yake, Anselmo, alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Aliishi Nyakiriba miaka tisa, kabla ya vita. Alirudi kwao akiwa mgonjwa na akafa kabla ya kusimulia lolote, kwa kuwa alikuwa mtu asiyesema. Hakuoa. Mama yao alikufa akiamini kwamba mwanawe alikaa miaka hiyo yote peke yake, miongoni mwa watu wasiojua hata jina lake. Remedios naye alikuwa anazeeka. Alitaka kumuuliza mtu mmoja tu aliyemfahamu, kisha arudi nyumbani.

Mtu huyo alikuwapo. Alikuwa bibi anayeitwa Uwimana, aliyewapikia mafundi wa maji enzi hizo, na nyumba yake ipo hatua chache kutoka bomba ambalo bado linatoa maji. Alitupokea kwa viti na chai. Alipoambiwa mgeni ni dada wa nani, alishika mashavu yake kwa viganja, akamwangalia Remedios usoni, akakaa.

"Nitasema Kiswahili," alisema, "juu Anselme alikuwa anasemaka na sisi Kiswahili. Kinyarwanda ilimushinda."

Remedios akauliza swali lake la kwanza kwa sauti ndogo: aliishi vipi?

"Ku dimanche alikuwa anakulaka hapa," akasema Uwimana. "Na sisi, na batoto. Pale, kiti yake ilikuwa pale."

Belyse akameza mate. "El domingo comió aquí," akasema. Jumapili alikula hapa.

Remedios akainama mbele. "¿Un domingo?" Jumapili moja?

Belyse alisikia neno domingo tu. "Sí, señora," akasema, akifurahi kwamba ameeleweka. "Domingo."

"Alikuwa anaimbaka," Uwimana akaendelea. "Ayi we! Sauti mubaya!"

"Cantó," akasema Belyse. "Mal." Aliimba. Vibaya.

"Batoto balikuwa banamuitaka Tonton."

"Los niños lo llamaron." Watoto walimwita.

"¿Para qué?" akauliza Remedios. Walimwita kwa ajili ya nini? Swali lenyewe lilizaliwa na kosa la Belyse. Akaangalia kikombe chake.

Remedios alifunga mkoba wake, ingawa haukuwa na kitu alichokitoa. Aliangalia nje, kwenye mashamba ya viazi na ukungu.

"Nueve años," alisema, bila kumwambia mtu, "y comió un domingo."

Miaka tisa, na alikula na watu Jumapili moja.

Nilimgeukia Madamu. Alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, amekalia mikono yake, midomo ameibana mpaka imepauka. Naifahamu sura ile, huja kabla ya kitabu kupiga meza. Nilijua pia anachokipima. Akinyamaza, Belyse atafaulu, kwa kuwa alikuwa amemwongoza mgeni vizuri tangu asubuhi na makosa machache hayamwangushi mtu. Kazi ya hotelini itakuwa yake. Na mama mzee atapanda ndege na Jumapili yake moja.

"Belyse!" akasema Madamu.

Sote tulishtuka. Belyse alisimama, kama darasani.

"Mutoto yangu, sikiliza masikio yako. Mama amesema alikula?"

"Madamu, mutihani…"

"Mutihani imekufa. Umeanguka. Mi njo nimekuangusha, imeisha. Sasa umeshaanguka, huna kintu ya kuogopa tena. Mama amesema nini?"

Machozi yalikuwa yanamlengalenga msichana yule. Nilitaka kumwambia Madamu aache, amemwaibisha mtoto mbele ya wageni. Uwimana alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, hajui ana kosa gani.

"Amesema," Belyse akanong'ona, "alikuwa anakulaka."

"Nini?"

"Anakulaka." Akanyanyua kichwa. "Comía." Kisha akamgeukia mgeni, akapiga magoti mbele ya kiti chake, na maneno yakamtoka haraka, yote na vijiti vyake. "Comía, señora. Perdón, perdón. Comía aquí los domingos. Todos los domingos. Los niños lo llamaban Tonton. Alikuwa… cantaba. Siempre cantaba." Alikuwa akila hapa, kila Jumapili. Watoto walikuwa wakimwita Tonton, yaani mjomba. Alikuwa akiimba, siku zote.

Remedios alimkazia macho. "¿Cantaba mal?" akauliza.

"Muy mal, señora."

Yule mama akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akaziba mdomo kwa kitambaa. Hata nyumbani, alisema alipoweza kusema, hata nyumbani alikuwa akiimba vibaya, mpaka mama yao alikuwa akimfukuzia uani. Belyse akamgeukia Uwimana.

"Mama yao alikuwa anamufukuzaka inje, juu ya kuimba!"

"Na mi pia!" akapiga kelele Uwimana, akampiga Remedios pajani. "Mi pia nilikuwa namufukuzaka!"

Baada ya hapo hawakuhitaji maswali. Belyse alikaa chini katikati yao, akigeuza shingo huku na huku. Anselmo alikuwa akitembea na watoto mpaka kwenye chemchemi na kuwafundisha kuhesabu mabomba. Alikuwa akiogopa ng'ombe. Alikuwa akichelewa, nao walikuwa wakimngojea na chakula, hakuna aliyegusa sahani kabla hajafika. Remedios aliomba hilo la mwisho lirudiwe. Belyse alilirudia. Remedios akaomba tena, kisha akauliza kiti chake kilikuwa upande gani hasa, akainuka kwa fimbo yake, akaenda kukaa hapo.

Madamu alikuwa ametoka nje. Nilimkuta kwenye bomba, ananawa uso, na ananawa kwa muda mrefu kupita kiasi. Nilitafuta neno la kumwambia.

"Umesikia?" akasema kabla sijafungua mdomo. "Amesema esperabámos. Tulikuwa tunamungojaka. Nguvu iko ku 'ra', siyo ku 'ba'. Esperábamos! Miezi sita nimesema, Kimenyi. Miezi sita!"

Akajifuta kwa kitenge, akarudi ndani.

Jumatatu alimwandikia Belyse kwamba ameanguka. Hoteli ilikuwa imempigia simu mkurugenzi kumsifu mkalimani, na Bwana Rugwiro, kwa moyo mwema kabisa, akamwita Madamu na kumwomba abadilishe. Alikataa. Mtahini alisema neno, akajibu, na sheria haikusema neno gani. Mkurugenzi alikasirika. Mimi nilikasirika. Mama yake Belyse alikuja kutoka Rugerero amekasirika. Belyse peke yake hakukasirika. Alirudia mtihani mwezi wa Juni, na mtu akifaulu vile tena hapa chuoni nitashangaa. Hoteli ilikuwa imemngojea.

Kwenye mkutano, Bwana Rugwiro aliuliza nini hasa kilitokea Nyakiriba. Madamu akasema waulize walimu wengine, yeye ana darasa, akaondoka. Ikabidi nieleze mimi. Nilieleza kwa Kiswahili sanifu: alikula, na alikuwa akila, mtu mmoja, kitenzi kimoja, na mama mzee aliyefunga mkoba. Mkurugenzi alikaa akizungusha kalamu.

"Okay," akasema mwishoni. "Ibaki."

Ilibaki. Hakumwongezea hata kipindi kimoja, na mpaka leo ratiba inaiita "Past Two", jina ambalo Madamu hulikata kwa wino mwekundu kila muhula na katibu hulichapa upya kila muhula. Kati yao hakuna aliyechoka.

Wanafunzi wake leo wako kwenye hoteli za ufukweni, kwenye kampuni za watalii Musanze na Kigali, na mmoja anaishi Valencia, ambako anasema watu humuuliza amejifunzia wapi kuongea kama bibi wa Burgos. Belyse atashika baadhi ya vipindi vya jioni kuanzia mwezi wa Julai. Vya mchana havijapata mwalimu. Tangazo limebandikwa tangu Februari, na waombaji wawili waliofika walifanyiwa usaili na Madamu mwenyewe, kwa hiyo hawakurudi.

Anahamia Rugerero, alikojengewa nyumba na binti yake Immy, penye shamba la binyomoro, yale matunda ya mti yanayofanana na nyanya, ambalo tayari analigombeza. Immy ameniambia kwamba mama yake ameshawauliza watoto wa jirani kama wanajua Kihispania, na kwamba watoto wameanza kupita njia nyingine.

Mama Immy, kwa niaba ya walimu, wanafunzi na mkurugenzi, asante. Asante kwa miaka yote uliyokataa kutupunguzia. Umetuchosha sana, na sidhani kama tutampata mwingine wa kutuchosha hivyo. Tunakuombea magoti yasiyouma, mvua ya kutosha, na majirani wavumilivu. Maisha yako ya mbele yawe mema, na marefu. Ukishuka mjini siku za soko, pita kutuona. Nimeuambia uongozi usiubadilishe ukuta ule wa mbao uwe wa matofali. Nilipojaribu kufundisha wiki iliyopita ulipokuwa likizo, kulikuwa kimya upande wako, na sikuweza kumaliza somo.

Kimenyi, Idara ya Kiswahili